Darasa la Nne Mara Mbili

Kila Ijumaa mchana shule yetu ilinuka majani mabichi na betri. Majani yalikuwa ya viazi vitamu, tuliyachuma kwenye matuta ya nyuma ya choo, na betri zilikuwa za redio, zile zilizokwisha, walizoleta watoto ambao kwao kulikuwa na redio. Tulizipasua kwa jiwe, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukautwanga pamoja na majani mpaka ukawa uji mzito, halafu wanafunzi wakubwa wakausiriba kwenye mbao za kuandikia ili Jumatatu chaki ionekane. Harufu ile ilikuwa chungu. Ilikaa kooni, ikakaa kwenye kucha, na Jumapili tulikwenda nayo kanisani. Nasema mbao, maana zilikuwa mbili katika chumba kimoja. Sisi wa darasa la kwanza tulitazama ukuta wa mashariki, darasa la tatu wakatazama ukuta wa magharibi, tumepeana migongo kama watu waliogombana, na mwalimu mmoja alitembea katikati na fimbo yake, akifundisha huku "ba, be, bi" na akigeuka kufundisha kule kuzidisha na kugawanya. Hakukuwa na dari wala sakafu. Tulikalia magogo, na mvua ikinyesha juu ya nyasi za paa, mwalimu alinyamaza na sote tukasubiri ipite.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kibimba, wilayani Ngara, katika mkoa ambao wakati ule bado uliitwa Ziwa Magharibi. Hatukuzaliwa pale. Nikiwa mdogo wa kubebwa tulihamishwa kutoka kilimani kwetu, tukaacha migomba yetu imesimama na mikungu yake, tukapangwa kando ya barabara kwa mistari, nyumba ikiitazama nyumba. Wakasema ndiyo maendeleo, na siwezi kusema yote yalikuwa uongo, kwa sababu bila kijiji kile nisingeiona shule. Lakini shule hiyo hiyo ndiyo ilinipa na ndiyo ilininyang'anya, na walioninyang'anya ninawajua. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitawasema. Wapo waliokufa na wapo wanaoota jua mpaka leo, na wote nitawataja kwa majina: Mwalimu Rusengo, Mzee Bisanda, Mjomba Leonidasi, na baba yangu mzazi, Bazili. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nimekaa na kovu langu miaka mingi nikiwapikia watu wali, na sijapoa.

Kosa langu la kwanza, kama ni kosa, lilikuwa kusikia kwa mgongo. Mwalimu wetu, kijana Anselimu, alikuwa mmoja wa wale walimu wa UPE, waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu haraka haraka ili kila mtoto wa nchi apate wa kumfundisha. Alikuwa mpole na alichoka mapema. Akiwa kwenye ubao wetu, mimi nilimaliza kazi yake kabla hajashusha mkono, na muda uliobaki niliutumia kusikiliza ya wale wa nyuma yangu. Siku moja aliwauliza la tatu saba mara nane. Kimya. Akarudia. Mtu mmoja akakohoa. Nami, macho yangu yakiwa kwenye "ba, be, bi", nikasema hamsini na sita, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayejisemea. Anselimu alinigeuza kwa bega, akanisimamisha niutazame ubao wa magharibi, akaniuliza jingine na jingine. Nilijibu yote. Alicheka peke yake, darasa la tatu hawakucheka. Wakati wa mapumziko wasichana wao wakubwa walinizunguka wakanibana masikio, wakanipa jina la Mgongo. "Mgongo," walisema, "hebu tuambie, mgongo wako umesikia nini leo?" Mwingine alifunua gauni langu nyuma eti atafute masikio. Nililia, lakini sikuacha kusikiliza. Nani anaweza kuyafunga masikio yake?

Habari ikamfika Mwalimu Mkuu, na hapa ndipo Rusengo anapoingia. Alikuwa mtu mfupi wa suti ya kaunda, na baiskeli aliyoifuta kwa kitambaa kila alipoteremka. Alinijaribu wiki nzima ofisini kwake. Alinipa gazeti nikamsomea, akanipa hesabu za darasa la tatu, akanipa na za la nne. Halafu akaja nyumbani. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo wageni wa aina yake tulikuwa tunawapokea, ila huyu alikataa kiti akabaki amesimama kama anatangaza. Alisema mtoto huyu anapoteza muda darasa la kwanza, mwakani asiingie la pili, arushwe moja kwa moja mpaka la nne pamoja na wale ambao tayari anawasikiliza. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na alikuwa na vidole vyembamba vilivyoonyesha jinsi samaki anavyokunjwa. Baba alifurahi mpaka akasahau kumpa maji. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba kata yetu ilikuwa inatafuta Mratibu wa Elimu, na kwamba Mwalimu Mkuu mwenye mtoto wa ajabu shuleni kwake anasikika mbali kuliko mwenye mahindi ya ajabu.

Mama hakufurahi. Mama hakujua kusoma, lakini alinijua uzito wangu, alikuwa ananibeba mgongoni mpaka juzi. Alimtumia salamu kaka yake wa Nemba, kule Biharamulo. Mjomba Leonidasi alikuwa amekaa seminari miaka michache kabla hajarudishwa nyumbani kwa sababu ambazo hazikusemwa mbele ya watoto, halafu akawa katekista, na sanduku lake lilikuwa na vitabu kuliko shule yetu yote. Ujumbe wake ulikuwa kwamba anakuja na neno lake, na neno hilo ni kwamba mtoto asirushwe na wala asikae pale anapozembea. Atanichukua Nemba, anifundishe nyumbani kwake miaka miwili mitatu, mpaka mwili uikute akili, halafu nirudi shuleni niingie darasa lolote ninalostahili. Lilikuwa neno zuri. Leo ninajua kwamba mkewe alikuwa mgonjwa na mbuzi wake hawakuwa na mchungaji, na najua pia kwamba alitaka nije kuwa sista, ili ile seminari iliyomrudisha isikie kwamba ukoo wake umetoa mtu. Lakini hata hivyo lilikuwa neno zuri.

Kwetu mtu haji na neno mikono mitupu. Mwenye ombi huleta mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi, anauweka katikati, anasema yake, na mwenye nyumba akiridhia hupokea mrija akavuta. Akishavuta, limekwisha. Hakuna karatasi wala sahihi. Pombe ya mtu ikishakuwa tumboni mwako, neno lake limo humo humo. Kama hukubali, unamshukuru, mtungi unabaki na kifuniko chake, naye anaondoka nao bila aibu kubwa. Watu walivunja uchumba hivyo na kugawana mashamba hivyo. Mjomba alifika na mtungi wake umefungwa kwenye kerea ya baiskeli kwa kamba za mgomba, amelala njiani. Na Rusengo, ambaye alikuwa msomi lakini pia mtoto wa nyumbani, aliposikia hivyo naye akaja na mtungi. Mzee Bisanda, mwenyekiti wa kijiji, alifuata nyuma yake, akakaa upande wake. Ilikuwa Jumapili alasiri, uani kwetu. Mitungi miwili katikati, na mimi mlangoni kwa mama, nikiwa nimeshika kikapu cha njugu nilichoambiwa niwapelekee wageni, na sikukipeleka.

Mjomba alianza. Alisema, "Shemeji, akili ya mtoto huyu ni ya darasa la nne, hilo sibishi. Lakini miguu yake bado ni ya darasa la kwanza. Mwalimu anaichukua akili. Hiyo miguu ataiacha wapi?"

"Darasani tunafundisha kichwa, katekista," alijibu Rusengo.

"Na mchana? Jembe mnalishika kwa kichwa?"

Watu walicheka, hata Bisanda alicheka, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kuanzia la nne watoto walibaki mchana kulima shamba la shule, wakati sisi wadogo tuliruhusiwa saa sita. Rusengo hakucheka. Alisema mbio za kusomea jikoni zinajulikana zinapoishia, na kwamba seminari ingekuwa mahali pa kumaliza masomo tungekuwa na padri hapa. Mjomba akatazama mtungi wake. Ndipo Bisanda alipoongea na baba, tena kwa sauti ya chini, kama anamwonea huruma. "Bazili, wewe ni balozi. Mwezi uliopita tumemtoza faini jirani yako kwa kumficha mtoto asisome. Kesho wa kwako akienda kusomea Nemba, huyo jirani nimwambie nini? Mtoto huyu si wako. Ni wa kijiji."

Baba alikuwa mtu wa kupenda amani. Wanaomsifu mpaka leo wanalisema hilo, na mimi nawaambia hilo ndilo lililoniua. Alimwogopa mwenyekiti, na alimwogopa shemeji yake pia, kwa sababu mahari ya mama ilikuwa haijamalizwa, na upande wa pili hawakuwa wamesahau. Alikaa akitazama mitungi ile kama mtu anayechaguliwa jino la kung'olewa. Halafu akainamia mtungi wa Rusengo, akavuta. Bisanda akapiga makofi mara moja. Na kabla mjomba hajasimama, baba, kwa kutaka asimwaibishe mgeni wa mkewe aliyesafiri na pombe yake umbali wote ule, akavuta mrija wa mtungi wa pili. Alivuta kweli, koo lilipanda na kushuka. Akafuta mdomo akatabasamu, akidhani amewafurahisha wote. Nimewahi kusikia wanaume wakila nauli za watu, wakiiba ng'ombe, lakini mtu aliyekunywa maneno mawili yanayopingana, kwa ajili ya mtoto mmoja, ndani ya alasiri moja, sijasikia mwingine. Mama alinipokonya kikapu akakiweka chini. Mshika mbili moja humponyoka. Baba alishika mbili, na iliyomponyoka ni mimi.

Mjomba alirudi Nemba akatandika kitanda changu. Alisubiri. Shule ilipofunguliwa niliingia darasa la nne. Alipopata habari, alimtumia baba ujumbe kwa mdomo wa mfanyabiashara wa chumvi: pombe yangu imo tumboni mwako, na mtoto hayumo nyumbani mwangu. Hakuja tena kwetu.

Nisiseme uongo, darasani nilikuwa na raha. Miezi ile ya kwanza ndiyo niliyosoma katika maisha yangu, kusoma kwenyewe, na mpaka leo ramani ya Afrika ninayo kichwani kama alivyoichora mwalimu wa jiografia, na Misri yake imepinda. Nilikuwa wa kwanza katika jaribio la kila mwezi, na wasichana walionibana masikio walinisogezea daftari zao. Lakini saa nane kengele ya rimu la gari ilipogongwa, tulikwenda shamba, na Rusengo alipima ngwe kwa fimbo yake: kila mwanafunzi upana wake na urefu wake, darasa la nne ngwe ya darasa la nne. Mama alimwendea akamwomba nipimiwe nusu. Alimjibu kwamba huwezi kula darasa la nne asubuhi na kulima la pili mchana, wenzake watasemaje. Jembe lilikuwa na mpini mrefu kuliko mimi. Nililishika katikati, nikalima kama kuku anavyoparua, na wengine walipomaliza wakaenda mtoni kunawa, mimi nilikuwa bado mwanzo wa ngwe. Ndipo mama akaanza kuja. Alijifanya anapita kutafuta kuni, akashuka shambani akalima ngwe yangu kwa dakika chache, kwa nguvu za mwanamke mzima, akaondoka na kuni zake. Ilidumu mpaka mkutano wa kijiji. Mtu alisimama akauliza ikiwa watoto wa mabalozi wana majembe mawili. Bisanda akamwonya baba mbele ya watu, na baba usiku huo akamkataza mama. Sikumsikia mama akibishana naye. Nilimsikia tu akisaga, muda mrefu, unga ambao hatukuuhitaji.

Kisha vita ikaja. Mapigano yalikuwa mbali na sisi, kule kaskazini, lakini mkoa ulikuwa mmoja na magari yalipita. Mgambo walikusanywa. Walimwita Anselimu, akatoka darasani na chaki mfukoni, akapanda lori pamoja na vijana wengine wakiimba. Hakurudi, na mama yake aliuliza kila askari aliyepita barabarani mpaka akachoka. Darasa la kwanza na la pili yakabaki bila mwalimu, na sasa yalikuwa ndiyo yaliyokaa chumba kile cha mbao mbili. Rusengo aliniita ofisini akaniambia taifa liko vitani, kila mtu abebe mzigo wake, na mimi mzigo wangu ni kile chumba. Nilikuwa na miaka minane. Nilisimama juu ya gogo ili nifikie ubao. Nilifundisha upande huu nikageuka nikafundisha upande ule, kama nilivyomwona Anselimu akifanya, na watoto walionizidi kimo waliniita mwalimu kwa kejeli, halafu bila kejeli. Wageni kutoka kata waliletwa kuniona. Mmoja alinipa peremende. Wenzangu wa la nne walikuwa chumba cha pili wakisoma sehemu na desimali, na ukuta ulikuwa wa udongo mnene, sikuweza kusikia kitu hata kwa mgongo. Hebu lifikirie hilo, msomaji. Nilirushwa madarasa mawili ili nisome mbele, na nilipofika huko mbele nikarudishwa chumba kile kile nilichotoka, ila sasa sikuwa mwanafunzi. Na mchana ngwe yangu ilinisubiri, tena ngwe zilikuwa zimeongezwa, kwa sababu mahindi na maharage yalitakiwa kwa askari.

Jembe lililonikata halikuwa langu. Lilikuwa la Vestina, msichana wa ngwe ya pembeni, mkubwa mwenye nguvu, ambaye hakuniona nimeinama kuokota magugu. Simtaji kama mkosaji. Alilia kuliko mimi, na ndiye aliyenibeba mpaka nyumbani. Lilipita juu ya mguu wa kushoto. Zahanati haikuwa na dawa, dawa zilikuwa zimekwenda na magari kaskazini. Walinifunga kitambaa, wakaniosha kwa maji ya chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa adimu. Mguu ulivimba, ukatoa usaha, ukaoza vidole viwili. Nililala ndani miezi mitatu. Nilikuwa nasikia kengele ya shule nikijua ni kipindi gani. Rusengo alikuja mara moja, akasimama vile vile, akasema ajali haina kinga. Kabla sijaanza kutembea alikuwa amepewa kiti chake cha Uratibu, akahama na baiskeli yake.

Niliporudi nikichechemea, nilimkuta Mwalimu Mkuu mpya. Huyu hakunijua. Aliangalia kimo changu, akauliza umri wangu, akasema mambo ya kurusha watoto yalikuwa ya mwenzake; mtoto wa miaka tisa aliyekosa shule muda wote huo mahali pake ni la tatu. Basi nikakaa gogo moja na watoto niliowafundisha mimi mwenyewe kusoma. Waliniita Mwalimu. "Mwalimu, shikamoo," walisema nikiingia, na wote wakasimama, na darasa likapasuka kwa kicheko. Mambo yaliyofundishwa niliyajua yote, na yale niliyokuwa nayataka hayakuwa mle ndani. Nikaacha kunyoosha mkono. Akili ni kama maziwa, ukiyaweka bila kuyatumia hayakai vile vile.

Mama akaamka na neno. Alitembea mpaka Nemba kwa kaka yake, akamwambia mtoto sasa yuko tayari, mfundishe. Mjomba alimpa chakula, akamwuliza habari za mguu wangu, akalia, mama alisema kweli alilia. Lakini akasema, "Dada, mkono mtupu haulambwi. Mumeo alikunywa pombe yangu akaitema. Na aje mwenyewe na mtungi wake, aniambie alikosea. Siku hiyo hiyo atarudi bila mtoto, kwa maana mtoto atabaki kwangu." Mama akarudi na hilo. Na mwanamke hapeleki mtungi wa msamaha kwa niaba ya mumewe, hata kama ni kwa kaka yake. Ni lazima mume aubebe.

Baba alisema atakwenda. Alilisema mara nyingi. Mama hakumsubiri, alipanda kule kilimani kwetu kwa zamani, kwenye mahame, ambako migomba yetu ilikuwa imezeeka ndani ya magugu, akakata mikungu mwenyewe, akaivundika, akaikamua kwa nyasi, akaunga mtama, akatengeneza urwagwa bora ambao sijaonja mfano wake. Niliruhusiwa kuchovya kidole. Mtungi uliwekwa pembeni mwa kitanda chao, kifuniko cha jani la mgomba kimefungwa, na nguo zangu mbili zikiwa ndani ya kitambaa juu yake. Baba alikuwa aondoke asubuhi ya pili.

Asubuhi ya pili redio zikasema mji mkuu wa adui umeanguka. Kijiji kizima kilitoka barabarani. Watu walipiga madebe, wanawake walipiga vigelegele, wazee walicheza na makoti yao. Mzee Bisanda alikuja uani kwetu akiwa na kundi zima nyuma yake, wamebeba matawi, akamwita baba kwa jina la balozi, akamwambia siku kama hii hailali na kiu, nani asiyejua kwamba mkeo amepika. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nimenyoosha mguu. Nilimtazama baba. Alinitazama pia, hilo sitamnyima, alinitazama. Halafu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameubeba mtungi kifuani kwa mikono miwili, na kile kitambaa cha nguo zangu alikuwa amekishusha kitandani. Walivuta mpaka wakafika kwenye masimbi, yale mashapo ya chini. Nchi ilishinda, nami nafurahi kwamba ilishinda. Mama alikaa jikoni akiwa ameutazama ukuta, na mgomba mwingine uliokomaa kule mahameni haukuwepo mwaka ule.

Mwaka uliofuata niliingia darasa la nne kwa mara ya pili. Nilikuwa na mguu mmoja wa kulimia. Baada ya mvua za vuli baba aliniambia nipumzike nyumbani, na nikapumzika mpaka leo. Bisanda, aliyesema mimi si wa baba ila ni wa kijiji, hakuja kuuliza mtoto wa kijiji yuko wapi. Hakutozwa mtu faini. Nimesoma darasa la nne mara mbili, na mara zote mbili sikuliona la tano.

Baba alikufa akisifiwa. Mjomba naye amekwenda, na vitabu vyake vililiwa na mchwa ndani ya sanduku, bila kusomwa na mtu. Rusengo yuko hai. Miaka michache iliyopita aliteremka Rusumo, mpakani, ambako ninawapikia madereva wa malori, akaketi kwenye benchi langu akiwa mzee wa fimbo, akaagiza wali na maharage. Nilimpa shikamoo yake, kwa sababu shikamoo ni ya umri, si ya mtu. Alinisifu chakula. Halafu akaanza kuwasimulia madereva kwamba watoto wa siku hizi hawana akili. Yeye zamani, shuleni kwake, wakati wa vita, alikuwa na kasichana ka miaka minane kalikofundisha madarasa mawili peke yake. Mmoja akamwuliza kako wapi sasa. Akasema kwa hakika katakuwa Dar es Salaam, mtu mkubwa serikalini, watu wa namna ile hawapotei. Nilimwongezea maharage. Ningesema nini, na kwa faida ya nani?

Sasa mwanangu wa mwisho ana mtoto wa kike wa miaka saba, anasoma shule ya kulipia mjini Ngara, yenye basi la njano, sare mbili na vigae sakafuni. Hakuna ngwe kule. Mwezi uliopita mwalimu wao aliwaita wazazi akawaambia mtoto ana akili sana, arushwe darasa. Mkwe wangu hataki. Ameona kwenye simu watu wa mijini wanaosomesha watoto wao nyumbani na mwalimu wa kukodi, anasema hiyo ndiyo dunia ya sasa. Wameligombania neno hilo mezani kwangu tangu Ijumaa. Walipochoka waliniuliza mimi nionavyo. Nikasema sijui, nina darasa la nne tu, lakini katika maneno yote niliyosikia utotoni kuhusu kichwa changu na miguu yangu, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegeuka mlangoni akaniuliza mimi. Nikamwita mjukuu wangu. Nikamwuliza anataka nini. Alifikiri sana, akisugua kidole kwenye meza, akasema anataka kubaki palepale, ila mwalimu awe anampa vitabu vya wakubwa akimaliza kazi yake.

Mwanangu alicheka, si kwa ubaya. "Mama, naye," alisema. "Mtoto wa miaka saba anajua nini?"

Nilimtazama vizuri, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kidevu chake ni cha baba yangu.